Kabla mvua ya kwanza haijagonga bati

Mvua ya Tabora ina msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, ikaenda hadi Aprili, kisha mbingu hufunga. Kwa hiyo paa lako hukaa karibu miezi sita bila kuoshwa. Vumbi la barabarani hutua juu yake, pamoja na kinyesi cha ndege na popo, majani ya mwembe, na kwa wanaoishi karibu na mabani ya tumbaku, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, masizi ya moshi. Siku mvua ya kwanza ikishuka, vyote vinashuka nayo. Kama bomba linaelekea tangini, ndivyo vitakavyotangulia kuingia, na maji safi ya baadaye yatakalia tope hilo.

Niliyajua haya kwa hasara. Mwaka wa kwanza tulipoweka simtanki hapa Ipuli tulikinga kila tone, kwa sababu tulikuwa tumetoka kununua maji ya madumu kiangazi kizima. Baada ya siku chache koki ilitoa maji ya rangi ya chai, yananuka majani yaliyooza. Tukamwaga tangi zima, na watoto wakatazama yakipotea. Tangu hapo kazi ya kuandaa paa na tangi naianza Septemba, mafundi wakiwa bado hawajazongwa na watu wanaovujiwa.

Anza juu. Paa lifagiliwe kavu, kwa ufagio laini. Anayepanda akanyage kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna mbao. Bati lenye kutu halibebi mtu katikati. Akiwa huko agongee misumari iliyolegea, kwa kuwa mvua za mwanzo hapa hutanguliwa na upepo mkali, na bati lililoachia pembe moja linaweza kung'oka lote. Kisha mwembe. Najua katika mji huu wa miembe inauma kukata tawi lenye maembe machanga, lakini tawi lililoinamia paa ndilo popo wanalokalia wakila usiku kucha, na wanachodondosha ndicho mtakachokunywa. Likatwe.

Gata zisafishwe kwa mkono, si kwa kijiti. Ukimaliza, mimina ndoo ya maji mwisho wa gata ulio mbali na bomba, ukae uangalie. Yakituama katikati, vishikio vimelegea hapo. Viinuliwe hadi gata iwe na mteremko wa sentimita moja hivi kwa kila mita. Usilipuuze hili. Maji yanayotuama kwenye gata wiki moja hadi siku kumi yanatosha kutoa mbu kutoka yai hadi kuruka, na malaria hatuihitaji kutoka kwenye paa letu wenyewe.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifanyi: kuiachia mvua ya kwanza. Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 60 hutoa lita 60 kwa milimita ya kwanza tu, na hizo ndizo zenye uchafu mwingi kuliko zote. Mafundi wengine hukufungia kipande cha bomba cha kusimama ili kizinase. Wazo ni zuri, ila bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita moja hubeba karibu lita 8 peke yake. Kwa paa la nyumba nzima ni kama kijiko. Mimi nimeacha kiungo kimoja cha bomba linaloelekea tangini bila gundi. Mvua zikikaribia nakichomoa, maji yaende kwenye pipa la kufulia na kumwagilia miche. Zikishapita mvua mbili za maana, nakirudisha. Na katikati ya msimu, mvua ikikata wiki kadhaa, nakichomoa tena kwa dakika za mwanzo.

Anayeogopa kupoteza maji apige hesabu ileile kwa upande wa pili. Mvua moja ya milimita 20 juu ya paa hilo ni lita 1,200. Ondoa yanayorukia nje na kukauka juu ya bati, unabaki na kama lita 1,000. Tangi la lita 2,000 linajazwa na mvua mbili. Uroho wa siku ya kwanza unatokana na kiu ya Oktoba, wala siulaumu, lakini maji yapo njiani.

Tangi lenyewe lisuguliwe ndani kwa brashi, lisuuzwe kwa maji yenye klorini, yamwagwe yote. Kama ni kisima cha chini, yaani tangi lililochimbiwa ardhini, mtu asiingie peke yake. Hewa huko huwa mbaya, na lazima mwenzake abaki juu. Kagua pia linapokalia. Lita 2,000 ni tani mbili, na mnara wa mbao ukiliwa na mchwa kwa ndani, hautauona kwa macho ubovu wake: chokoa nguzo kwa bisibisi. Kwa upande mwingine tangi tupu ni jepesi, upepo wa mvua unalibeba. Libakishie maji kidogo ya kulituliza, hata kama ni ya kununua.

Mfuniko ubane. Mdomo wa kuingizia na ule wa kumwagia ziada yote ivalishwe wavu wa mbu, na waya wake ukazwe.

Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini, wapo wanaotumia tangi moja kwa maji ya mamlaka na ya mvua. Usiunganishe mabomba hayo bila valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, kwani uchafu wa paa lako unaweza kuingia kwa jirani. Na kwa ndugu zetu wa vijijini wanaolima tumbaku, nawasihi: dumu lililowahi kubeba dawa ya shambani lisikinge maji ya mvua, hata likioshwa mara kumi.

Ya kunywa yachemshwe, hata yakiwa maangavu.

Kinachobaki ni pa kuelekeza ziada, maana Januari tangi litafurika kila siku ya mvua. Nyumba ya tofali za udongo ikichotwa msingi namna hiyo msimu mzima, ukuta hupasuka kuanzia pembeni. Chimba mfereji sasa, ardhi ikiwa bado inakubali jembe, uupeleke kwenye migomba.