SOMO: Kuchagua skana ya slaidi za zamani (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Suali la "ninunue skana gani ya slaidi za mzee" limeshaulizwa humu mara nyingi mno. Jibu lake limo ndani ya kasha la slaidi lililoko juu ya kabati lenu, na wengi wanaouliza hawajalifungua. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Hatua ya 1. Zihesabu.

Hatua ya 2. Pima fremu, yaani kile kipande cha kadi au plastiki kinachoshika filamu. Nyingi ni sentimita 5 kwa 5, na picha ndani yake ni milimita 24 kwa 36. Hizo ni filamu ya milimita 35. Ukikuta fremu za sentimita 7 kwa 7 zenye picha ya mraba, skana ndogo ya slaidi haitazipokea.

Hatua ya 3. Soma fremu imeandikwa nini. Skana nyingi nzuri zina taa ya pili ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga huo hupita kwenye rangi za filamu kama Ektachrome lakini huzuiwa na vumbi na mikwaruzo, kwa hivyo programu inajua uchafu uko wapi na inaufuta. Filamu ya Kodachrome haiendi hivyo. Sehemu zake za giza huzuia infraredi pia, na programu huweza kufuta nywele au kope ikidhani ni uchafu. Nyeusi na nyeupe ndiyo kabisa, kwa sababu picha yenyewe ni madini ya fedha, nayo huzuia infraredi. Kama kasha lako lote ni Kodachrome, usiongeze pesa kwa ajili ya infraredi. Tafuta skana inayoona vizuri ndani ya giza.

Hatua ya 4. Tafuta kuvu. Hapa ndipo picha zinapopotea, na zinapotea mikononi mwa watu wenye nia njema. Kwa unyevu wa visiwani, hasa kasha lililopitiwa na masika nyingi bila kufunguliwa, utaona nyuzi nyembamba zilizotambaa juu ya picha. Kuvu hiyo inakula jelatini iliyobeba picha, na jelatini iliyoliwa inayeyuka kwa maji. USIOSHE KWA MAJI. Usitumie spiriti ya kawaida ya duka la dawa, maana mara nyingi ni asilimia 70 na iliyobaki ni maji. Usianike juani kama karafuu: rangi zitafifia na filamu itajikunja. Usipangusie kanga wala kitambaa cha miwani. Skani kwanza ikiwa vivyo hivyo, na kuvu yake. Ukishapata nakala ndipo ujaribu alkoholi ya isopropili ya asilimia 98 au zaidi, kwa pamba laini bila kukandamiza, ukianza na slaidi ambayo hata ikiharibika hamtalia. Zenye kuvu ziweke kasha mbali na zilizo safi.

Hatua ya 5. Sasa skana. Namba kubwa ya dpi (nukta kwa kila inchi) kwenye boksi isikutie tamaa. Epson V600 imeandikwa 6400, lakini ikipimwa kwa kipimo cha mistari inatoa kiasi cha 1,500 na kitu. Plustek 8200i imeandikwa 7200, inatoa 3,200 hivi. Ukiwa na dpi 3,000 za kweli, slaidi ya 35 inatoka na nukta 4,250 kwa 2,830, yaani megapikseli 12, na hizo zinatosha picha kubwa ya ukutani.

Slaidi chache zenye thamani, chukua skana ya filamu kama hiyo Plustek. Inakwenda polepole, dakika kadhaa kwa slaidi moja, lakini ni safi. Kama kasha lina slaidi pamoja na picha za karatasi na filamu kubwa, chukua skana bapa yenye taa kwenye mfuniko. V600 inabeba slaidi 4 kwa mpigo, V850 inabeba 12. Slaidi mamia kwa mamia, na una kamera nzuri, nunua lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) na kishikio cha slaidi, uzipige picha mwenyewe. Vile visanduku vyenye kioo kidogo, mfano Kodak Slide N Scan, vinapiga picha tu: ni vya haraka, havina infraredi, na giza linabaki giza.

Hatua ya 6. Kabla ya kulipa, jaribu na slaidi yako iliyo nyeusi kuliko zote.

Hatua ya 7. Hifadhi faili la TIFF (lisilopunguza ubora wa picha) la biti 16 (lenye ngazi nyingi za rangi), nakala mbili, nyumba mbili.

MASUALI

Mwanachama, Mlandege: Maalim, sina muda wa kusoma yote. Nitajie moja tu.
— Slaidi ngapi, na fremu zimeandikwa nini? Hatua ya 1 na ya 3.

Mwanachama, Wete: Nimeweka slaidi kwenye skana ya ofisini, imetoka nyeusi tupu. Skana mbovu?
— Nzima. Ile inamulika karatasi kwa chini, na slaidi inataka mwanga upite ndani yake. Nimesema "taa kwenye mfuniko".

Mwanachama, Jambiani: Simu yangu ina megapikseli 50. Hizi skana mnatuuzia tu.
— Sina duka, ndugu yangu. Simu inafaa kwa kuorodhesha, na mimi nawashauri watu waitumie kwa kazi hiyo. Kwa nakala ya kubaki kwa wajukuu, haitoshi.

Mwanachama, Chake Chake: Maalim, shikamoo. Slaidi za marehemu babu zilikaa kabati moja. Za Ektachrome zimekuwa nyekundu zote, za Kodachrome rangi zimekaa vizuri kabisa. Kwa nini?
— Marahaba, mwanangu. Umeangalia vizuri. Kwenye Ektachrome za zamani rangi ya samawati-kijani hufa mapema hata gizani, ndipo nyekundu ikatawala. Kodachrome, iliyotengenezwa tangu 1935 hadi 2009, hudumu sana gizani lakini hufifia haraka kwenye mwanga wa projekta. Kwa hivyo usizirushe ukutani siku ya arubaini wala siku nyengine. Hizo nyekundu ziskani kwa biti 16 bila kurekebisha chochote, kisha uinue rangi kwenye kompyuta. VueScan, programu ya kuendeshea skana, ina kitufe cha kurejesha rangi, anza nacho. Nyingi zitarudi.

Mwanachama, Makunduchi: Zetu ni za sherehe za Mwaka Kogwa, mama ndiye anayewajua watu. Tuanze na skana au na mama?
— Na mama, bibie. Tena leo hii, kama yuko tayari. Hapo simu inatosha: piga picha kila slaidi ikiwa juu ya karatasi nyeupe dirishani, mkuzie, na umrekodi sauti akitaja majina.

Mwanachama, Chake Chake: Na mwaka tutaujuaje kama hakuna anayekumbuka?
— Fremu nyingi za Kodak zimepigwa muhuri wa mwezi na mwaka. Huo ni wakati filamu iliposafishwa, picha yenyewe yaweza kuwa ya kabla ya hapo. Majengo nayo yanasaidia: Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ikiwa na mnara wake ulioporomoka Disemba 2020, basi ni kabla ya hapo. Mwaka na majina yaandike kwenye jina la faili, halafu kwa penseli laini kwenye fremu ya kadi. Kalamu ya wino hapana, inapenya.