Kabla hujapeleka zabuni serikalini: mambo ya kuzingatia kulinda siri za biashara yako

Karatasi zako zikishapokelewa na kugongwa muhuri katika ofisi ya umma, huwezi tena kusema ni zako peke yako. Zinaingia masjala, zinafunguliwa jalada, na kuanzia hapo Mkenya yeyote anaweza kuziomba. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaweka utaratibu. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, kuliwasilisha hakuna ada, na sababu za mwombaji hazipunguzi haki yake. Kampuni inayodhibitiwa na Wakenya nayo inahesabiwa raia kwa maana ya sheria hiyo. Kwa hiyo mwombaji anaweza kuwa mwanahabari, mkazi wa kaunti anayetaka kujua barabara yake iligharimu kiasi gani, au mshindani wako mliyepishana naye kwa bei kidogo tu.

Sheria hii naiunga mkono kwa moyo wote. Kodi ni yetu, na mwenye mali ana haki ya kuuliza. Lakini katika miaka ambayo nimewasaidia wafanyabiashara wadogo kuandaa zabuni, nimeona watu wakipoteza siri halali kabisa kwa sababu walianza kuzifikiria baada ya ombi kufika. Wakati huo umechelewa. Kazi yenyewe inafanyika usiku ule unapopanga viambatisho, kabla bahasha haijafungwa.

Anza kwa kukubali kwamba mengine si siri, wala hayatakuwa siri. Siku ya kufungua zabuni, jina lako na bei yako ya jumla vinasomwa kwa sauti mbele ya waliohudhuria. Ukishinda, taasisi inatakiwa kutangaza jina la mkandarasi, thamani ya mkataba, kazi itakayofanywa na muda wa kuikamilisha. Agizo la Rais Nambari 2 la 2018 lilisukuma mambo hayo zaidi kwa kuzitaka taasisi zichapishe habari za ununuzi hadharani. Usijichoshe kupigania haya. Ukiandika kwamba bei ya jumla ni siri, afisa anayesoma barua yako ataona hujui unachokiomba, na hata dai lako la maana atalisoma kwa shaka.

Sasa tafuta kilicho siri kweli. Kifungu cha 6 cha sheria ya 2016 kinaruhusu habari kuzuiwa ikiwa kuitoa kutaathiri kwa kiasi kikubwa maslahi ya kibiashara, pamoja na haki za ubunifu, ya taasisi au ya mtu wa tatu ambaye habari ilitoka kwake. Huyo mtu wa tatu ni wewe. Shika hayo maneno "kwa kiasi kikubwa", maana ndiyo mizani yenyewe. Aibu haitoshi, wala usumbufu. Mimi huwauliza wateja wangu swali moja: mshindani wako akiupata ukurasa huu leo, kesho asubuhi atafanya nini nao? Ukikosa jibu, ukurasa huo uache wazi. Ukijibu kwamba atampigia simu yule anayekuuzia mafuta ya nazi amwongezee bei, hapo tuna jambo la kulinda. Mara nyingi jibu la namna hiyo hutoka katika mchanganuo wa bei, yaani ule unaoonyesha gharama ya malighafi, vibarua, usafiri na faida kila kimoja peke yake. Hutoka pia katika orodha ya wanaokuuzia, kipimo cha mchanganyiko wa bidhaa, na michoro uliyoibuni mwenyewe.

Hapa nieleze kisa. Mteja wangu mmoja ana kiwanda kidogo cha sabuni za maji. Zabuni yake ya kwanza ilikuwa na kurasa 212, na kijana wake wa ofisini alikesha akigonga muhuri mwekundu wa SIRI juu ya kila ukurasa. Niliiona nakala yake. Muhuri ulikuwa juu ya cheti cha usajili wa kampuni. Ulikuwa juu ya cheti cha kodi. Ulikuwa hata juu ya tangazo la zabuni lenyewe, ambalo serikali ndiyo iliyolichapisha gazetini. Ombi la habari lilipokuja, ofisi iliyokuwa na jalada ililitoa lote, pamoja na ukurasa wenye vipimo vya mchanganyiko wake. Sisemi walifanya vyema. Nasema muhuri ulio kila mahali haukumwonyesha karani pa kusimama.

Kwa bahati njema, sheria ya ununuzi ya 2015 imekupa kifaa bila kukusudia. Inamtaka mzabuni atie nambari za mfuatano kwenye kila ukurasa, na watu wengi huichukulia kama adha, maana ukikosea zabuni inaweza kutupwa nje. Itumie nambari hiyo. Katika barua ya utangulizi weka jedwali dogo: ukurasa wa 87 hadi 91, mchanganuo wa gharama; ukurasa wa 140, kipimo cha mchanganyiko. Kisha gonga muhuri kurasa hizo tu. Usichanganye siri na yasiyo siri katika ukurasa mmoja. Ukiwa na aya ya siri katikati ya maelezo ya kawaida, ihamishe iwe kiambatisho, ili afisa aweze kuitoa bila kukata karatasi na mkasi.

Katika jedwali hilo, mbele ya kila ukurasa uliotajwa andika sababu, na iwe ya biashara yako mwenyewe. "Habari hii ni nyeti" ni maneno matupu. Andika hivi: "Bei hizi tulizipata kwa mazungumzo na wauzaji wawili, mshindani akizijua, atatupiku katika zabuni ya mwaka ujao kwa bidhaa hiyohiyo." Ongeza unavyoitunza siri hiyo ndani ya ofisi yako, nani anaijua na inafungiwa wapi. Kitu unachokibandika kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi 40, ni vigumu kumshawishi mtu kwamba ni siri.

Wengi huegemea kifungu cha 67 cha sheria ya ununuzi, kinachowakataza maafisa kufichua yaliyomo ndani ya zabuni. Ni ngao nzuri, ila ina milango: amri ya mahakama ni mmoja, na malalamiko mbele ya bodi ya mapitio ya zabuni ni mwingine. Wengine hutegemea kipengele cha usiri ndani ya mkataba. Hao nawakumbusha SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Serikali ilijitetea kwa vipengele vya aina hiyo, lakini Mei 2022 Mahakama Kuu iliamuru mikataba ya reli hiyo itolewe kwa wanaharakati walioiomba, na Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi Kipchumba Murkomen akaweka hadharani mikataba mitatu ya mikopo. Mahakama inaweza kuamua kwamba manufaa ya umma yanazidi madhara yako. Tena kuna jambo ambalo hulindwi nalo hata kidogo: matokeo ya vipimo vya bidhaa au mazingira yanayoonyesha hatari kubwa kwa watu. Hilo ni haki, na ningepinga likibadilishwa.

Usisahau wafanyakazi wako. Ndani ya zabuni mna wasifu wao, nakala za vitambulisho, nambari za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda wao, na wewe una wajibu kwao. Weka tu kilichoombwa.

Kisha fikiria muda. Ofisi ina siku 21 za kujibu ombi, na ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Katika barua yako omba uarifiwe kabla habari hazijatolewa, na uweke anwani ambayo haitakufa mhasibu akiacha kazi. Lakini usikae ukitegemea kupigiwa simu. Ndiyo maana sababu zako ziwe ndani ya jalada tangu siku ya kwanza. Tunza nakala kamili iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, na ukiulizwa huko utahitaji nambari za kurasa zilezile.

Yule mteja wa sabuni alirudi kuomba tenda ya mwaka uliofuata. Safari hii tulikaa mezani kwake jioni mbili, na muhuri akaushika mwenyewe. Ombi la habari lilikuja tena, na ofisi ikamwandikia kumuuliza. Jibu lake lilikuwa nusu ukurasa, kwa kuwa kila kitu kilishaandikwa. Kurasa 9 zilizuiwa, nyingine zote zikatolewa, na aliyeziomba hakukata rufaa.