Kukausha na kutambua mimea ya Dodoma: sampuli moja, jina lisilopotea

Uliza mlenda ni mmea gani hapa Dodoma, utaonyeshwa mimea tofauti: mmoja wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Corchorus, mwingine Ceratotheca sesamoides, ambao ni ndugu wa ufuta. Hakuna anayekosea, kwa kuwa jina mlenda linafuata utelezi wa mboga chunguni. Jina la kisayansi kazi yake ni nyingine. Limefungwa kwenye sampuli, yaani mmea mkavu uliobanwa na kuandikiwa, ambao mtu mwingine anaweza kuufungua miaka 200 baadaye akaukagua upya. Ndiyo maana anayetaka kujifunza kupanga viumbe aanze na kukausha, majina yatafuata.

Utaratibu huu ni wa zamani. Luca Ghini alikuwa akifundishia mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi huko Italia katika karne ya 16, na hadi leo njia haijabadilika sana.

Andaa mbao mbili za sentimita 30 kwa 45, maboksi yaliyokatwa kwa ukubwa huo, magazeti ya zamani, na mipira miwili ya kufungia mizigo kwenye pikipiki. Karatasi za majarida zinazong'aa hazifai, hazinyonyi maji. Ongeza mkasi wa kupogolea, daftari na penseli. Wino wa kalamu hutawanyika ukiguswa na mvua, penseli haitawanyiki.

Wakati mzuri ni Desemba hadi Aprili, mimea ikiwa na majani na maua. Omba ruhusa kwa serikali ya kijiji kwanza. Ndani ya msitu wa hifadhi, ruhusa hutoka kwa wanaousimamia.

Kata tawi la sentimita 25 hadi 35 lenye majani na maua, au matunda. Tawi la majani matupu ni kazi bure kwa mimea mingi, kwa sababu familia, yaani kundi linalokusanya jenasi za karibu, hutambulika kwa ua. Mmea mdogo ung'oe na mizizi yake, ukung'ute udongo. Ukiwa mrefu ukunje umbo la V au N. Geuza jani moja au mawili ili upande wa chini uonekane, maana vinyweleo na tezi mara nyingi viko huko.

Mbambara, yaani miti ya Commiphora, huwapa tabu wengi. Hutoa maua ikiwa haina majani, mara nyingi kabla mvua hazijakolea. Funga kitambaa kwenye mti, chukua maua, urudi wiki kadhaa baadaye kuchukua majani na matunda. Kila safari ipe namba yake, na uandike wazi kuwa mti ni uleule.

Ua la mbuyu hufunguka jioni na kesho yake limeshanyauka, kwa hiyo liwahi usiku au alfajiri. Lipasue katikati kwa wembe kutoka juu hadi chini: utaona stameni (viungo vya kiume vya ua) nyingi mno zilizoungana kwenye mrija mmoja. Carl Linnaeus wa Uswidi alipanga mimea kwa kuhesabu na kukagua viungo kama hivi. Mbuyu aliuita Adansonia kumheshimu Michel Adanson, Mfaransa aliyeuchunguza Senegal. Adanson mwenyewe aliupinga mfumo wa Linnaeus. Mwaka 1763 alitoa kitabu chake cha familia za mimea, akishikilia kwamba sifa zote zipimwe pamoja. Kwa maoni yetu Adanson alikuwa na haki, na ndiyo sababu tunasisitiza mizizi, gome, utomvu na harufu viandikwe.

Kila sampuli ipange kati ya magazeti, kisha boksi, kisha nyingine, ukaze mipira kwa nguvu. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu za mwanzo. Hapa ndipo sampuli nyingi huharibika: gazeti bichi likikaa siku mbili, majani huwa meusi na kuota ukungu. Weka mahali penye upepo, si juani moja kwa moja. Mmea mkavu hauleti ubaridi ukiugusa kwa mdomo, na ukiuinua haulegei. Mishubiri na minyaa haifi kirahisi ndani ya mbao. Ipasue, kwangua nyama ya ndani, kisha ichovye kwenye maji yanayochemka. Jihadhari na utomvu wa mnyaa, unaweza kuumiza vibaya macho.

Daftarini andika siku hiyohiyo: namba, tarehe, kijiji na wilaya, vipimo vya GPS, mwinuko, aina ya udongo, urefu wa mmea, rangi ya ua (hupotea ikikauka), jina la kienyeji pamoja na lugha yake, iwe Kigogo, Kirangi au Kisandawe. "Karibu na barabara" si mahali. Sampuli isiyo na mahali haina thamani kwa mtafiti, hata iwe nzuri namna gani.

Sasa kutambua. Chukua mgunga. Tazama miiba: ikiwa ni jozi na mirefu iliyonyooka, elekea jenasi ya Vachellia, ikiwa mifupi iliyopinda kama kucha, miwili au mitatu pamoja, elekea Senegalia. Vachellia tortilis huwachanganya wengi kwa kuwa ina aina zote mbili kwenye tawi moja. Maganda yake yaliyojisokota ndiyo yanayoamua, na jina tortilis linasema hivyohivyo. Pehr Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, alifia Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, na mti huu ukiitwa Mimosa tortilis. Baadaye ukahamia Acacia. Mkutano wa wanabotania wa Vienna wa 2005 ulipoliacha jina Acacia kwa kundi la Australia, migunga yetu ikabaki na majina ya Vachellia na Senegalia. Jenasi imebadilika mara mbili, tortilis imebaki. Tangu 1 Januari 1958, jina la spishi mpya halikubaliki bila kutajiwa sampuli yake ya msingi, yaani ile ambayo jina limefungwa kwake.

Ubandikaji ni kwenye manila ya A3 kwa gundi nyeupe ya mbao, vijiti vinene vishonwe kwa uzi. Selotepu hugeuka njano na kubanduka. Lebo ikae kona ya chini kulia. Kabla ya kuhifadhi, funga sampuli kwenye mfuko wa plastiki, uiweke kwenye friza ya nyuzi -18 au chini zaidi kwa wiki nzima, wadudu wafe. Kausha daima sampuli mbili za namba moja: moja yako, nyingine ya hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya taifa, Arusha.