Vinia za meno kwa sisi wenye meno ya kahawia: uliza haya kabla hujakubali kuchongwa

Mimi nimekulia Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa mlima Meru, na kama wewe ni wa huko basi stori yangu unaijua tayari. Meno ya mbele kahawia katikati, pembeni meupe ya chaki chaki, nimefika Dar kusoma mtu hata jina hajaniuliza anasema "wewe wa Arusha eeh", nikaanza kucheka na kiganja mdomoni, picha zote za mahafali nimebana midomo kama niko msibani. Sasa hivi nina vinia 6 za juu, mwaka wa tatu huu, na kila ndugu akiniona anauliza bei tu. Bei ndo swali la mwisho jamani, ngoja niwaelekeze vile natamani ningeelekezwa mimi.

Vinia ni kigamba chembamba, unene kama nusu milimita hivi, fikiria kucha ya bandia, kinagundishwa mbele ya jino kwenye ule uso unaoonekana ukicheka. Krauni ni kitu kingine, ile ni kofia inavalishwa jino zima na ili ikae lazima jino lichongwe pande zote. Hapa ndo watu wanapigwa. Kuna watu wanapanda ndege mpaka Uturuki kufuata vinia wanarudi na krauni kinywa kizima, chini yake meno yamebaki vigingi, na wao wenyewe hawajui tofauti. Kwa hiyo swali la kwanza ukikaa kwenye kile kiti: dokta, unaniwekea vinia au krauni, na unachonga kiasi gani? Akijibu "usijali utapendeza", shuka kwenye kiti.

Maana enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, haioti tena. Kucha ukiikata inarudi, nywele zinarudi, enameli ikichongwa ndo basi, na hilo jino litahitaji kufunikwa na kitu maisha yako yote. Vinia ya poseleni (kauri, kama ile ya vikombe vya chai) ikitunzwa inakaa miaka 10 mpaka 15, zipo zinazozidi, halafu inabadilishwa. Kwa hiyo ukiweka una miaka 25 piga hesabu utabadilisha mara ngapi mpaka uzeeni, na bima nyingi zikisikia ni urembo hazitoi hata mia.

Sasa turudi kwenye ukahawia wetu. Ule sio uchafu, na hautoki na mkaa, ndimu, majivu wala jiki (nimejaribu vitatu kati ya hivyo, sitasema vipi). Ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji, iliingia ndani ya enameli wakati jino bado linajijenga ndani ya fizi, kuanzia utotoni mpaka kama miaka 8. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, na kuna vijiji huku Arumeru maji yanapita hata hapo, Kenya nako ukanda wa Bonde la Ufa kama Nakuru hali ni hiyo hiyo. Na magadi tunayotia kwenye maharage nayo yana floraidi. Kama una mtoto mdogo, kuchemsha maji hakuitoi, tena maji yakipungua sufuriani floraidi inazidi kukolea, tafuta maji ya mvua au chujio la mkaa wa mifupa kama zile zilizofanyiwa kazi Ngurdoto, kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Mtoto akikua na maji safi hatakuja kusoma nilichoandika hapa chini.

Kwa sisi tulioshachelewa, anza na kitu chepesi kabla ya kizito. Kama madoa yako ni meupe au kahawia nyepesi ya juu juu, kuna kusuguliwa na tindikali kidogo pamoja na unga wa msasa, dokta anafanya kliniki na anaondoa tabaka dogo sana, halafu mnaongezea na dawa ya kung'arisha. Usishtuke siku za mwanzo madoa meupe yakionekana meupe zaidi, huwa yanatulia. Binamu yangu aliishia hapo hapo, hakuhitaji vinia kabisa, na mpaka leo ananicheka kwa hela niliyotumia.

Ikigoma, kuna vinia za komposaiti. Ni ile ile dawa ya kuzibia meno yenye rangi ya jino, dokta anaipaka moja kwa moja mdomoni anaikausha na taa ya bluu, unatoka siku hiyo hiyo. Bei yake iko chini, mara nyingi haichongi sana, ikivunjika inazibwa. Ubaya wake inanyonya rangi ya chai na kahawa na inaomba kung'arishwa mara kwa mara, wengi wanaibadilisha baada ya miaka 5 hadi 7. Mimi ningeshauri aliye chini ya miaka 25 aanzie hapa, ni maoni yangu.

Poseleni ndo ya mwisho. Na kwa meno ya floraidi kuna jambo ambalo kwenye matangazo hulioni: kigamba chembamba sana juu ya jino la kahawia, ule ukahawia unachungulia. Kwa hiyo dokta lazima achague poseleni nzito kidogo au achonge zaidi. Halafu enameli yetu inaikatalia ile tindikali inayopakwa ili gundi ishike, inabidi ajue namna ya kuiandaa. Muulize ameshawahi kufanyia watu wa meno kama yako, na akuonyeshe picha zao, sio picha za meno meupe yaliyofanywa meupe zaidi.

Siku ya kupima usikubali kuruka jaribio. Dokta wangu aliniwekea komposaiti bila gundi juu ya meno, akanipa kioo akaniambia niongee. "Fisi amefukuza vifaranga", nilirudia kama mtoto wa chekechea, kwa sababu kwenye f na v ncha za meno ya juu zinagusa mdomo wa chini, zikiwa ndefu kupita kiasi unaanza kupuliza puliza. Yangu yalikuwa marefu, akapunguza. Rangi nayo, wana kitu kama kitana cha vijino vya mfano, wanakiweka karibu na jino lako, omba mkaangalie dirishani kwenye mwanga wa jua. Mimi nilitaka nyeupe kuliko zote, dokta akaniambia utaonekana umeng'ata sahani, tukashuka ngazi mbili. Namshukuru. Poseleni haing'arishwi baadaye, rangi uliyochagua ndo hiyo. Na kama una mwanya mwambie mapema kama unautaka, maana wengine wanauziba bila kuuliza, mtu anatoka kliniki amepoteza urembo aliozaliwa nao.

Baada ya kuchongwa unavalishwa za muda wiki moja au mbili wakati zako zinatengenezwa. Hizo siku maji baridi yanapiga mpaka kisogoni, kunywa vuguvugu tu.

Kuna watu wa kuahirisha: mwenye fizi zinazotoka damu, mwenye meno yaliyooza, mwenye umri chini ya 18, na anayesaga meno usiku mpaka mwenzake anaamka. Huyo wa kusaga bila kinga ya kuvaa usiku atapasua poseleni zote. Na tafadhali msiende saluni. Dada mmoja wa mtaani kwetu alibandikiwa "vinia" sehemu wanayoweka kope, gundi ikaingia kwenye fizi zikavimba, kuzitoa ikawa kesi nyingine. Aliyeruhusiwa kugusa jino amesajiliwa, Tanzania bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, baraza lao la madaktari na madaktari wa meno, tafuta jina lake huko kabla hujalipa advansi.

Kuzitunza ni mswaki laini na uzi wa meno kama kawaida, jino chini ya vinia bado linaweza kuoza pembezoni. Mahindi ya kuchoma napukuchua, muwa nakata vipande na kisu natafunia nyuma, mifupa nimewaachia wengine. Na funguo zangu zina kifungulio cha soda, kwa sababu wiki ya tatu tu kwenye harusi nilishika chupa ya Fanta nikaipeleka mdomoni kwa mazoea, shangazi akanipiga kofi la mkono kabla haijafika.