Jinsi ya Kuomba Nyaraka za Nasaba ya Ukoo wa Mabwanyenye wa Uingereza

Kabla hujaomba cheti chochote, weka kando ule mti wa ukoo uliochapwa kitabuni. Katika karne ya 19 koo nyingi zenye mashamba zilijipamba kwa babu aliyevuka bahari na William Mshindi, mtawala wa Normandia aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, na wachapishaji wakapokea maelezo yao bila kudai ushahidi. Uchukulie kama fununu tu. Nasaba ya kweli huanzia kwa mtu wa karibu na kurudi nyuma kizazi kwa kizazi, kila hatua ikiwa na karatasi yake.

Anza na vyeti. Usajili wa serikali katika Uingereza na Wales ulianza 1 Julai 1837. Fungua akaunti kwenye tovuti ya Ofisi Kuu ya Usajili (GRO), tafuta jina katika faharasa, kisha nakili kila kitu: mwaka, robo ya mwaka, wilaya, juzuu na ukurasa. Robo hiyo ni ya kusajiliwa, kwa hiyo mtoto wa Desemba huenda yumo katika robo ya kwanza ya mwaka unaofuata. Kwa vizazi, faharasa inaonyesha pia jina la ukoo wa mama, na hilo ndilo litakalokutenganishia akina John watatu wa wilaya moja. Jaza fomu, lipa kwa kadi. Kwa vizazi na vifo vya zamani, nakala ya kidijitali ni nafuu kuliko cheti, ingawa haitambuliki kisheria. Ndoa itafute FreeBMD, tovuti ya bure ya faharasa za vizazi, ndoa na vifo, halafu uagize cheti chake GRO. Kinataja baba wa bwana harusi na wa bibi harusi, pamoja na kazi zao.

Nyuma ya 1837 unategemea daftari za parokia, zilizoamriwa mwaka 1538. Ziulizie katika hifadhi ya nyaraka ya kaunti husika. Angalia tarehe: hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, ndiyo maana utakuta 12 Februari 1698/9, yaani 1698 kwa hesabu ya zamani na 1699 kwa hesabu ya sasa.

Lakini kwa koo hizi hazina hasa ni wasia, kwa sababu mwenye ardhi alikuwa na cha kugawa. Shamba kuu kwa kawaida lilikwenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Wasia ndio unaowataja waliosahauliwa na vitabu: binti aliyewekewa fedha za kupewa akiolewa au akitimiza miaka 21, mdogo wa kiume aliyenunuliwa cheo jeshini, mtumishi wa miaka mingi. Ukitajiwa mashamba ya Jamaika au Barbados, usipite haraka. Tafuta jina hilo katika kanzidata ya University College London ya wamiliki wa watumwa, waliogawiwa fidia ya pauni milioni 20 kwa sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa. Hao waliomilikiwa nao ni sehemu ya historia ya ukoo huo.

Wasia uliothibitishwa tangu 12 Januari 1858 unaagizwa katika huduma ya mirathi ya serikali mtandaoni. Tafuta kwa mwaka wa kuthibitishwa, ambao huweza kuwa baada ya mwaka wa kifo, na ulinganishe anwani kabla ya kulipa. Wa kabla ya hapo ulipitia mahakama za Kanisa. Nyaraka za mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, 1384 hadi 1858, ziko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, London, mfululizo PROB 11; za York ziko Taasisi ya Borthwick, Chuo Kikuu cha York. Usipompata mtu wako, mtafute mjane wake au dada yake asiyeolewa. Kabla ya sheria ya 1882 ya mali za wanawake walioolewa, mke mwenye mume aliandika wasia kwa nadra, ila mjane alikuwa huru.

Chuo cha Nembo (College of Arms), London, chombo rasmi kinachotoa na kusajili nembo za koo, kiache mwisho. Kina kumbukumbu za ukaguzi wa nasaba uliofanywa kaunti kwa kaunti kati ya 1530 na 1688. Mwandikie afisa wa zamu, ambatanisha mti wako na nakala za ushahidi, na uulize gharama kwa maandishi kabla hajaanza kazi. Usinunue mahali popote "nembo ya jina lako": nembo hurithiwa na kizazi cha aliyepewa, kwa upande wa baba, na kufanana jina hakukupi haki hiyo.