Somo: Kumpangia safari mgeni mwenye hela anayetaka moyo umdunde

Vijana watatu wanaoanzisha kampuni zao hapa Moshi wameniuliza swali lilelile ndani ya mwezi mmoja: mgeni kasema hela si tatizo, anataka kitu cha kutisha lakini alale pazuri, nimpeleke wapi? Naandika mara moja nisije nikarudia. Nimepanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, nikiwa mgumu, yaani mbeba mizigo, nikaja kuwa msaidizi wa mpishi, sasa naongoza, kwa hiyo mengi humu ni ya mlimani. Ya mbugani nitayagusa tu.

Hatua ya 1: Mhoji kabla hujataja bei

Muulize amewahi kulala urefu gani na kwa usiku ngapi. Muulize moyo, presha, dawa anazomeza. Halafu muulize anachukia nini. Mtu aliyeruka na parachuti mara mia anaweza kushindwa na choo cha shimo cha kambi ya Shira. Ukilijua hilo mapema, umeshajua hela yake iende wapi.

Muulize pia kama ana mpango wa kuzamia na mitungi Zanzibar. Wengi wa aina hii wanao, na wengi hupanga bahari kwanza. Kataa. Aliyetoka kuzamia bado ana naitrojeni mwilini, na akipanda ndege au mlima haraka hugeuka mapovu. Mlima kwanza, mbuga katikati, bahari mwisho, na abaki nchi kavu saa 24 kabla ya ndege ya kurudi kwao.

Hatua ya 2: Muuzie siku

Kitu cha bei kubwa kuliko vyote mlimani ni siku ya ziada, na ndicho kinachomfikisha. Mimi humpa njia ya Lemosho ya siku nane, au tisa tukilala kreta, shimo la volkano kileleni. Mnaingilia geti la Londorossi, mnavuka uwanda wa Shira taratibu, mnapanda hadi Lava Tower kwenye mita 4,600 hivi, mnakula chakula cha mchana, kisha mnashuka kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Mgeni atalalamika kwamba mmepanda bure. Mwache alalamike, kesho yake kwenye ukuta wa Barranco, akishika mwamba kwa mikono miwili, atajua mwili wake umeshazoea.

Hatua ya 3: Usiku mmoja kreta

Hapa ndipo penye msisimko wenyewe. Wengi hufika Uhuru, ncha ya juu kabisa, mita 5,895, wanapiga picha wakitetemeka na kugeuka. Huyu wako analala ndani ya Kibo, mita 5,700 na kitu, jirani na barafu ya Furtwängler. Mchana mnatembea hadi kwenye shimo la majivu, harufu ya kiberiti inawapiga puani. Usiku kimya chake hakifanani na cha kambi nyingine yoyote: unasikia barafu ikipasuka, na mgumu akikohoa hema la tatu. Alfajiri mnapanda Uhuru mkiwa peke yenu, kabla ya foleni ya waliotoka kambi ya Barafu usiku.

Ruhusa ya kulala huko iombe hifadhini mapema. Na kabla hujamwambia mgeni ndiyo, fikiria kwamba mkiwa kreta, njia ya kushuka inaanza kwa kupanda. Mtu akizidiwa saa nane usiku, lazima kwanza mumtoe juu ya ukingo ndipo muanze kuteremka. Kwa hiyo anayeumwa kichwa kambi ya Barafu na dawa haikitulizi, au anayeyumba akitembea mstari ulionyooka, kreta haioni, hata awe amelipa nini.

Kuna watakaokuambia mpite Western Breach, njia ya mwinuko mkali inayoingia kreta upande wa magharibi, kwa kuwa ndiyo ya wajasiri. Januari 2006 mawe yalianguka pale yakaua wapandaji watatu Wamarekani. Njia ilifungwa, baadaye ikafunguliwa tena. Barafu iliyokuwa imeshika yale mawe inazidi kuyeyuka, na mimi sipiti. Napanda kupitia kambi ya Barafu na Stella Point ukingoni mwa kreta, kisha nashuka ndani ya kreta. Mgeni hapungukiwi kitu.

Kuhusu kipima oksijeni cha kidoleni: msimu mmoja, tukiwa kambi ya Karanga, dada mmoja alisoma asilimia 61. Nikaanza kupanga watu wa kumteremsha usiku uleule, redio iko mkononi. Mpishi wangu akaniuliza, mangi, umeona kucha? Rangi nyeusi tii, na vidole baridi kama chupa ya friji. Tukakwangua kucha moja, tukampa kikombe cha chai ashike kwa mikono yote miwili, tukapima upya: 84, na alikuwa anaongea na kucheka vizuri. Tangu siku hiyo rangi ya kucha inabaki hotelini, na naangalia mtu kwanza, mashine baadaye. Lakini usije ukageuza hii kuwa kisingizio: namba ikiwa mbaya na mtu naye ni mbaya, teremsha.

Hatua ya 4: Anasa inayobebeka

Hema la kusimama wima, kitanda cha kukunja, godoro nene, choo chake chenye hema lake, maji moto ya kunawa asubuhi, na chupa ya maji moto ndani ya begi la kulalia saa tatu usiku. Hiyo chupa peke yake imeniletea sifa kuliko chakula chote nilichowahi kuwapa wageni.

Chakula nacho kina sayansi yake. Kwenye mita 4,600 maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 85 tu, kwa hiyo maharage yatakuaibisha na wali utakuwa na kiini. Beba presha kuka, na nyama ipikwe nusu kambi za chini. Supu ya ndizi haijawahi kuniangusha.

Mvinyo usubiri Moshi. Pombe huzubaisha upumuaji usingizini, na huko juu usingizi wenyewe ni wa kukatakata. Oksijeni ya mtungi ni ya dharura. Ukimpa mgeni aivute kila jioni ili ajisikie vizuri, unaficha dalili ambayo ingekuambia umteremshe.

Hatua ya 5: Mizani

Mzigo wa mgumu haupiti kilo 20, na getini wanapima. Vitu vya hatua ya nne maana yake ni watu zaidi. Kwa mgeni mmoja wa namna hii sijawahi kutoka na wagumu chini ya kumi. Kama mnalala kreta, kila mmoja wao awe na begi la kulalia la baridi kali. Usimpandishe mtu na jaketi la mtumba la soko la Memorial lililokwisha manyoya.

Hatua ya 6: Akishashuka

Siku mbili apumzishe magoti. Kisha, kama bado ana moto, mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai: mita 2,962 tu, lakini mnaanza usiku wa manane kwenye majivu yanayoteleza, mwinuko kama ngazi ya kuegemeza ukutani, na juu kuna lava nyeusi inayogeuka nyeupe ikishapoa. Helmeti ni lazima. Asiyetaka mateso tena, mrushe kwa ndege ndogo kutoka Arusha hadi Serengeti, apande puto alfajiri.

MASWALI

Kijana wa Pasua: Shikamoo mkuu. Mgeni wangu anasema ni mwanariadha wa marathoni, anataka siku tano. Nifanyeje?

Marahaba. Mapafu ya marathoni hayajui kwamba hewa ya kileleni ina nusu ya kanieneo ya pwani. Mwenye mbio ndiye anayepanda haraka, na ndiye anayeugua haraka. Muuzie siku tatu za Mlima Meru kwanza, mita 4,566, kisha Kibo. Akikataa, mwache aende kwa mwingine.

Dada wa Njiro: Wangu anataka kuruka na mwamvuli kutoka kileleni. Inaruhusiwa?

Kwa kibali cha hifadhi, imewahi kuruhusiwa. Lakini dada, Septemba 2019 mtalii kutoka Kanada alifariki akiruka hivyo, mwamvuli haukufunguka. Hewa ni nyepesi na upepo wa kule hubadilika ghafla. Kama hana uzoefu wa kuruka kutoka milima mirefu, usiwe wewe wa kumwombea kibali.

Mangi Kibosho: Bima ipi inafaa?

Inayotaja kupanda hadi mita 6,000 na uokoaji wa helikopta, kwa maandishi. Nyingi huishia 4,000 au 4,500. Soma mwenyewe, usikubali "ipo" ya kwenye simu.

Baba Eliya: Sisi tusio na dola hili somo linatuhusu nini?

Linakuhusu, kaka. Kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi na ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Nenda Meru kwa siku nne. Mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na alfajiri unaiona Kibo ng'ambo juu ya mawingu. Moyo utadunda.

Mgumu Mstaafu: Mwalimu, umesema choo chenye hema lake. Nani anakibeba, na analipwaje? Mimi nilikibeba miaka minne, kikivuja mgongoni, kwa hela ileile ya aliyebeba mikeka.

Kaka, mimi pia nilikibeba, njia ya Machame, na kampuni haikunipa hata glavu. Kwangu wa choo ana malipo ya siku ya juu kuliko wenzake, glavu, ndoo yenye mfuniko wa kukaza, sabuni yake, na hapewi mzigo mwingine. Jina lake nampa mgeni siku ya kwanza, pamoja na la mpishi. Na bahasha ya tipu tunaifungulia geti la Mweka, mwisho wa kushuka, wote wakiwa wamesimama, mgeni mwenyewe akisoma kiasi cha kila mtu. Wa choo huwa namwita wa kwanza.