Kuchapa picha ya mahaba kwa ubao, mtindo wa Kijapani

Shunga, picha za mapenzi za Kijapani, zilipigwa marufuku mwaka 1722 zikaendelea kuuzwa chinichini. Tazama za mchoraji Utamaro katika kitabu chake Utamakura cha 1788: wapenzi mara nyingi wamevaa, na jicho linavutwa na mikunjo na maua ya nguo. Kwetu Dar, kazi hiyo mpe kanga. Tena Kanuni ya Adhabu inakataza biashara ya picha chafu, kwa hiyo shingo, mkono na pindo vitoshe kusema.

Wajapani huchonga mcheri. Chukua plaiwudi ya milimita 12 yenye uso laini, usiokwaruza. Mninga una vinyweleo vipana, mistari ya nywele hukatika. Chora kwa wino kwenye karatasi nyembamba, ibandike kifudifudi kwa gundi ya wanga. Ikikauka, isugue mgongoni kwa kidole chenye maji mpaka mistari ijitokeze. Kata kando ya mstari kwa kisu kilichoinama, chini pabaki pana kuliko juu. Mstari uliokatwa wima humeguka. Palipobaki ondoa kwa patasi, kina cha milimita 3.

Sasa kento, alama za kuketishia karatasi, ambazo wengi huzidharau: kona moja chini kulia, na mstari mfupi kwenye ukingo uleule, kushoto. Zichonge kwanza kwenye ubao wa mistari, uzichape pamoja na picha, kisha bandika nakala hizo kwenye mbao za rangi. Kila rangi ina ubao wake.

Lowanisha karatasi kwa brashi, zipange, zifunge kwa nailoni usiku kucha. Paka rangi ya maji na tone la gundi ya unga wa muhogo, laza karatasi, sugua mgongoni kwa mwiko wa mbao. Ukiona madoadoa meupe, gundi ni kidogo au mkono ni mwepesi. Rangi ikivuja kingoni, maji yamezidi.

Zima feni, hata ukitokwa jasho. Karatasi ikikauka kati ya rangi mbili hunywea, na wekundu wa kanga utaangukia shavuni. Gundi pika kila siku, kwa joto letu huchacha. Karatasi mbichi nazo zisikae zaidi ya siku mbili nje ya friji, zitaota ukungu.